Wanne, Watano na Betri za Kuanika

Nyumbani kwetu kulikuwa na santuri mbili tu. Zingekuwa tatu, nadhani ubishi usingedumu, kwa sababu watu watatu wakibishana mmoja hugeuka mwamuzi. Zilikuwa mbili, na kaka yangu alikuwa na rafiki mmoja, basi kila mtu alichukua yake na kuitetea kama anavyotetea mpaka wa kibanja.

Santuri zote mbili zilikuwa za vijana wa Uingereza waliopiga magitaa miaka ya sitini, kabla mimi sijazaliwa. Majina ya makundi yao yalikuwa ya Kiingereza na mama hakuweza kuyatamka. Alipotaka kusema moja ya majina hayo, alinyoosha vidole vinne, au kiganja kizima. Kwa hiyo sisi tuliwaita kwa hesabu: Wanne na Watano.

Kwenye jalada lao Wanne walivaa suti za namna moja, na nywele zao zilikatwa kwa duara, kama mtu aliwafunika bakuli kichwani kisha akapitisha mkasi. Wote walicheka. Watano hawakufanana nguo wala kimo, na hakuna aliyecheka. Mmoja wao alitazama pembeni, kama mtu aliyesikia anaitwa akaamua kutoitika. Nikiwa mtoto nilimpenda huyo.

Kaka alikuwa upande wa Wanne. Rafiki yake alikuwa upande wa Watano.

Nyumba yetu iko upande wa Kagoma, wilaya ya Muleba, ndani ya migomba, nusu saa kwa miguu kutoka barabara ya Biharamulo. Vita vilipoanza kule mpakani nilikuwa darasa la pili. Watu walikuja kwa miguu kutoka kaskazini, wamebeba magodoro na kuku, na familia moja ilikaa kwetu mpaka mavuno ya maharage. Malori ya askari yalipita kwenda juu, usiku na mchana, na baadaye yakaanza kurudi. Baba alikufa mwaka uliofuata, kwa kifua. Kaka alikuwa na miaka ishirini hivi. Hakukuwa na sabuni wala sukari madukani, na yeye na rafiki yake wakaanza kuvuka mpaka kwa baiskeli kufanya biashara.

Safari moja walifika Masaka wakiwa na gunia la samaki wakavu kutoka Kemondo. Mji ulikuwa umebomolewa. Mama mmoja aliwaita ndani ya nyumba isiyokuwa na paa akawaonyesha gramafoni ndogo ya betri, yenye kifuniko chekundu ambacho ndani yake ndimo sauti ilimotokea, na santuri mbili. Alitaka samaki. Kaka alisema yule mama aliwaambia, “Muziki hauliwi, wanangu.” Walijaribu santuri moja tu, ile ya Wanne, nusu ya wimbo, waone kama chombo kinazunguka. Kisha wakaifunga kwa blanketi wakaja nayo nyumbani.

Hiyo nusu ya wimbo nitairudia mbele.

Walipiga Jumapili, baada ya misa, chini ya ukingo wa paa la mbele. Gramafoni ilikula betri sita kubwa, na betri zilikuwa shida kupatikana. Zikichoka tulizianika juani. Nilizipanga kwenye jamvi la kahawa, katikati ya punje, na kuzigeuza kila nilipogeuza kahawa, na jua likizipata vizuri zilipata nguvu tena, kidogo. Mtu ambaye hajaishi miaka ile hataamini, lakini betri iliyokufa Jumapili moja ilifufuka Jumapili iliyofuata ikaimba nyimbo nne au tano kabla haijafa tena. Ilipoanza kufa tulijua, kwa sababu sauti ililewa katikati ya wimbo na kuanguka chini. Hapo kaka aliinua sindano.

Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, ikiletwa, mwenyeji hupiga funda moja mbele ya mgeni ndipo ampe kibuyu. Hata kahawa ya kutafuna, mwenyeji hutangulia kuchukua punje. Ni namna ya kumwambia mgeni kwamba kilichomo humu, kama kinaua, kitaniua mimi kwanza. Kaka alikuwa mwenyeji. Alionja kwanza kwa santuri yake. Wanne walipigwa kwanza kila Jumapili, nyimbo tatu, na wa nne ulipokaribia kaka alisema, “Tubane betri, tumwachie mgeni,” akaitoa na kuweka ya Watano. Ilikuwa heshima. Hakuna aliyeona kosa ndani yake.

“Sikia hapo,” kaka alikuwa akisema Wanne wakiimba. “Sauti tatu, na hakuna inayomkanyaga mwenzake. Hiyo ni kwaya.”

“Ndiyo maana nasema uwapeleke parokiani,” rafiki yake akajibu. “Padri atawapa kanzu nyeupe wala hatashtuka.”

“Na hao wako niwapeleke wapi? Kilabuni?”

“Kilabuni watu husema kweli, waitu.”

Mama alikuwa anapita na beseni la ndizi kichwani. “Kilabuni watu hukojoa ukutani,” alisema bila kusimama.

Rafiki ndiye aliyefika sekondari, kidato cha pili, na ndiye aliyesoma maandishi ya nyuma ya majalada. Alituambia kwamba Wanne walitunga nyimbo zao wenyewe, karibu zote, na Watano waliimba nyingi za watu weusi wa Amerika.

“Umejifunga mwenyewe,” kaka alipiga goti lake kwa furaha. “Umesoma kwa kinywa chako. Wako wanaazima! Mwenye jembe la kuazima hujisifu nini?”

“Hujisifu kama amelima vizuri. Na wameazima kwa nani? Kwa watu weusi. Wale ni ndugu zetu. Wako wameazima kwa mama zao.”

“Mama ana kosa gani sasa?” mama aliuliza kutoka jikoni, na wote wawili wakacheka mpaka sindano ikaruka.

Hayo ndiyo yalikuwa mambo yao. Nyimbo za Wanne zilikuwa fupi na nyepesi, zote za mapenzi, na zilikwisha kabla hujachoka. Walipiga makofi ndani ya nyimbo zao. Watano walikuwa kitu kingine. Wao walikwenda polepole. Magitaa yao yalikuwa kama lori lenye mzigo likipanda mlima, na mwimbaji alikuwa na sauti nzito ya mtu mzima aliyechoka, anayeburuta kila neno kabla ya kuliachia. Ngoma iligonga kama mtu anayegonga mlango huku anajua kwamba ndani hamna mtu.

“Huyu amezika,” rafiki alisema siku moja, kidole juu. “Msikilize. Huyu mtu amezika watu. Hao wako hawajazika hata kuku.”

Kaka alisema tu kwamba kuzika si kazi ya mwanamuziki.

Mpishi wa meli moja pale Kemondo aliwaambia kwamba Uingereza kulikuwa na makundi mengine mengi enzi hizo. Moja lilikuwa la ndugu wawili waliopigana ngumi jukwaani, na jingine mpiga gitaa wake akimaliza wimbo wa mwisho alilivunja gitaa lake sakafuni. Mama alisimama aliposikia hilo.

“Analivunja? Chombo kizima?”

“Kizima, mama. Mbele ya watu.”

“Na baba yake yuko hai?”

Walimwambia hawajui. Aliondoka akitikisa kichwa, na kwa siku nyingi alilirudia jambo hilo, kwamba kuna nchi ambako mtu huvunja chombo kizima na watu wakashangilia.

Mimi nilikaa mlangoni nikimenya ndizi na sikusema lolote. Nilikuwa mtu wa kujibu kwa kichwa. Shuleni mwalimu aliponiuliza kitu nilichokijua, jibu lilifika kooni likakaa. Nilimaliza darasa la saba sikuchaguliwa. Wasichana niliomaliza nao waliolewa mmoja mmoja, mmoja Bukoba, mmoja visiwani kwa wavuvi, na mimi nilibaki na kahawa na ndizi na Jumapili. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nilikuwa upande wa Watano. Sikujua Kiingereza, lakini nilimwelewa yule mwimbaji. Alikuwa mtu pekee niliyemjua aliyeongea polepole kama mimi, na watu wakamsubiri.

Rafiki yake kaka ndiye aliyeanza kuugua. Kwanza alikohoa, kisha alianza kukonda, na suruali zake akazifunga kwa kamba ya mgomba. Ugonjwa ule ulikuwa bado haujapata jina la hospitali kwetu. Watu waliuita kwa jina la shati zuri lililokuja na magendo, kwa sababu waliovaa shati hilo ndio walioanza kuupata. Wengine walisema ni uchawi wa wale waliodhulumiwa ng'ambo ya mpaka. Kaka alimpelekea uji kila asubuhi kwa baiskeli. Jumapili ya mwisho aliyokuja kwetu walimleta amekaa kwenye kerea ya baiskeli, amefunikwa koti. Walipiga Wanne, walipiga Watano, na hawakubishana. Aliponiona mlangoni alininyooshea kidole akasema, “Huyu ni wangu. Huyu hasemi, lakini ni wangu.” Nilikimbilia jikoni.

Alikufa wakati wa kiangazi.

Kwetu kilio kikiwa kwa jirani hupigi muziki. Huwashi hata redio, mpaka matanga yaanuliwe. Hilo halikuwa na shida zamani, kwa sababu kifo kilikuja, watu wakalia, wakakaa siku zao, wakarudi mashambani, na ukapita muda. Sasa muda haukupita. Matanga ya nyumba hii yalikuwa hayajaanuliwa, ya nyumba ile yameanza. Mama alikuwa na vazi moja la msibani na lilikuwa halipati siku ya kukauka kambani. Watu waliacha kuuliza “nani amekufa” na kuanza kuuliza “leo tunaenda wapi.” Gramafoni ilifunikwa kwa kanga ikakaa juu ya kabati, na Jumapili ikawa siku kama nyingine.

Kaka alibaki na ubishi wake na hakuwa na wa kubishana naye. Alikaa chini ya ukingo wa paa mchana, mikono mapajani, na ghafla alisema, “Lakini makofi! Angalia makofi yao. Hao Watano wanaweza makofi?” Kisha alisubiri. Kisha alinigeukia.

“Yeye angesema nini?”

Niliinua mabega.

“Sema basi. Ulikuwepo.”

Nilijua hasa yule angesema nini. Angesema makofi ni ya watoto wa chekechea. Nililipata neno lote likiwa zima kichwani, na sikulitoa.

Mwaka uliofuata kaka naye akaanza kukonda. Hakuwa ameoa. Tulimlaza chumba cha mbele karibu na dirisha, mama na mimi tukapokezana. Alikuwa mgonjwa asiyelalamika. Jambo moja tu alilitaka, na alilirudia mpaka mama akalijua kwa moyo: alitaka kusikia santuri zote mbili, kila moja upande mzima bila kubana, siku moja, kisha mimi niseme ipi bora.

“Kwa nini mimi?” nilimuuliza.

“Kwa sababu umesikiliza kuliko sisi. Sisi tulikuwa tunapiga kelele.”

Alimtuma mama Muleba siku ya gulio akauze kahawa na kununua betri mpya, zote sita kwa mara moja. Tulikuwa hatujawahi kuwa na sita mpya pamoja. Zile za mwanzo zilikuja na gramafoni, zimetumika na yule mama wa Masaka, na baada ya hapo tulinunua mbili mbili tukazichanganya na za kuanika. Mama alirudi nazo kwenye kikapu kama mayai. Kaka alizishika moja moja, akazinusa, akasema zitiwe kwenye kopo la maziwa ya unga zisipate unyevu. Kisha tukaanza kusubiri siku isiyo na kilio.

Tulisubiri sana. Asubuhi mama alisimama uani akisikiliza pande zote, kama mtu anayesikiliza mvua, kisha aliingia akatikisa kichwa. Mara moja tulipata siku mbili safi, lakini kaka alikuwa na homa hajitambui. Mara nyingine siku ilikuwa safi mpaka saa tano.

Alhamisi moja mama aliingia hakutikisa kichwa. Kaka alikuwa na nafuu. Aliomba shati lake jeupe, nikamvalisha, nikamwegemeza kwenye kiti chake cha kamba pale mbele, mto nyuma na mto pembeni. Niliweka gramafoni kwenye kigoda. Niliifuta vumbi. Nilikuwa nimeshaingiza betri nne kati ya sita niliposikia mwanamke mmoja, ng'ambo ya bonde, akianza kulia kwa sauti ile ambayo haikosewi. Kisha wa pili.

Nilishika betri ya tano mkononi. Nilimtazama kaka, na kwa mara ya kwanza maishani nikasema neno bila kuulizwa.

“Tunaweza kupiga chini kwa chini. Twende ndani, tufunge dirisha.”

Alinitazama kwa upole. “Wakilia kwangu, utapenda jirani afunge dirisha apige?”

Nilizitoa betri nne, nikazirudisha kwenye kopo. Mama alikuwa ameshachukua vazi lake kambani.

Tulibaki wawili, na kile kilio.

“Basi sema bila kupiga,” kaka alisema. “Umesikia miaka yote hiyo. Wanne au Watano?”

Nilimwona shingo ilivyokuwa nyembamba ndani ya kola. Nilimwona alivyokuwa mpweke pale kwenye kiti, rafiki yake amekwenda, amebaki na Wanne wake ambao hawezi hata kuwasikia. Nikafikiri, nikisema kweli nitamwongezea adui. Nikafikiri, mtu anayekufa hupewa anachokitaka.

“Wanne,” nilisema.

“Wanne?”

“Ndiyo, kaka.”

Inzi alitua kwenye goti lake na hakumfukuza.

“Kumbe,” alisema. “Na yule alisema wewe ni wake.” Kisha akatabasamu kidogo, bila kunitazama. “Haya. Basi sina tena wa kubishana naye.”

Alilisema kama utani. Nilikwenda jikoni kukoroga uji, na hapo, mwiko mkononi, ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Hakutaka kupewa ushindi. Alitaka mtu akae upande ule wa pili, kiti kile kisiwe tupu. Nilikuwa mtu huyo, na ni mimi peke yangu niliyebaki duniani, nikakataa kukaa.

Niliamua kurudisha neno langu. Lilikuwa neno fupi: “Kaka, nilikudanganya, mimi ni wa Watano, na wako hawajazika hata kuku.” Nililifanyia mazoezi nikichota maji. Asubuhi nilikwenda na uji na neno hilo tayari, nikakuta mama yupo. Asubuhi nyingine amelala. Nyingine yuko macho, tuko wawili, jua limeingia dirishani vizuri, na nikamnywesha uji wote bila kulisema. Siku moja nilianza. Nilisema, “Kaka, ile siku...” Aliomba maji. Nikampa maji. Nikamshika kichwa anywe, nikamlaza, na neno likarudi lilikotoka.

Alikufa siku ya tisa tangu Alhamisi ile, asubuhi, mvua inanyesha juu ya migomba.

Walilia kwetu. Hakuna jirani aliyefunga dirisha akapiga muziki. Tulilala kwenye majani siku zote zinazotakiwa, na matanga yalipoanuliwa wazee wa ukoo walikaa kugawa. Kibanja kilikuwa na taratibu zake na baba mdogo alizisimamia. Baiskeli ilipata mtu, koti likapata mtu. Walipofika kwenye gramafoni, mzee mmoja alisema kwamba kitu kilichokuwa kinapendwa na marehemu, tena chenye sauti, si kitu cha kuchukua. Mama akasema, “Mwachieni huyu msichana.” Hakuna aliyepinga.

Ilichukua miezi kabla sijapata siku isiyo na kilio karibu. Nilikuwa peke yangu, mama yuko shambani. Niliweka kigoda palepale, na kiti cha kamba palepale. Nilifungua kopo nikaingiza betri zote sita mpya, zinang'aa. Kisha nikasita, santuri moja mkono huu na nyingine mkono huu. Mwenyeji huonja kwanza. Sasa mwenyeji nilikuwa mimi, na yangu ilikuwa Watano.

Niliweka sindano.

Nilidhani nimekosea santuri. Niliinua, nikasoma karatasi ya katikati, ni ile ile. Niliweka tena. Kulitoka vijana wenye haraka. Magitaa yalikimbia kama watoto waliotolewa shule, ngoma ilikuwa mbio, na mwimbaji alikuwa mvulana, mwenye sauti ya juu, ya puani, ya kejeli, kama wale wanaokaa kituo cha basi Muleba wakiwatania wasichana wanaopita. Nilimsubiri yule wangu aingie. Hakuingia.

Niligusa kitufe cha mwendo, kilikuwa mahali pake. Nikakaa chini. Kisha nilifanya jambo ambalo sijui kwa nini halikuwahi kufanywa katika nyumba ile. Nilitoa betri mpya nikaingiza zile za zamani, za kuanika, ambazo zilikuwa bado kwenye sanduku la kahawa, na nikaweka Wanne. Walianza kuimba polepole. Zile sauti tatu zisizokanyagana zilikuwa nzito, zimeegemeana, kama watu wanaobeba jeneza kwenye utelezi. Hata makofi yalikuwa ya watu waliochoka. Walikuwa wamezika, wale Wanne. Walikuwa wamezika watu wengi.

Hapo nikaelewa: betri iliyochoka huizungusha santuri polepole, na sauti ya kijana hugeuka ya mzee. Kila Jumapili tuliwapa Wanne nguvu ya betri na kumpa mgeni masalia yake, kwa heshima, na kisha tukakaa kubishana juu ya tabia za watu wa Uingereza. Watano hatukuwahi kuwasikia. Hata Masaka, siku ya kwanza, walipigwa Wanne tu, nusu ya wimbo. Rafiki yake kaka alikufa akimwamini mtu mzima aliyezika, na mtu huyo hakuwepo. Na mimi vilevile. Neno nililolibeba siku tisa na kushindwa kulitoa lilikuwa la kumtetea mtu aliyetengenezwa na jua langu mwenyewe, juu ya jamvi la kahawa.

Nilitaka kucheka. Wao wangecheka, wote wawili, wangelala chini. Kaka angesema, “Kumbe wako ni watoto wa kituo cha basi!” Na yule angesema, “Wamepumzika, waitu, wamepumzika sasa wanakimbia.” Nilisikia sauti zao kabisa, na mahali pa kucheka hapakuwa na mtu.

Nilirudisha betri mpya, nikaweka Watano tena tangu mwanzo. Mama alitokea kwenye migomba, jembe begani, akasimama.

“Hao ni akina nani?”

“Watano, mama.”

“Watano gani? Wale wa rafiki yake?”

“Hao hao.”

Alisikiliza, kichwa upande, matope yakikauka miguuni mwake. Nilimwona anawatafuta, kama nilivyowatafuta mimi.

“Wamepona?” aliuliza.

Sikuweza kumweleza habari ya betri wakati ule. Nilisema kitu kingine, nacho kilitoka chenyewe. “Nilikuwa upande wao, mama. Alipouliza nilimwambia Wanne. Nilimdanganya.”

Mama alishusha jembe. Alifuta matope kwenye mpini mpaka wimbo ukaisha na mwingine ukaanza.

“Ungemwambia,” alisema. “Angekaa kitako akupinge.”

Kisha alikwenda nyuma ya nyumba kunawa miguu.

Sikuinua sindano. Niliacha upande ule uende, wimbo wa tano, wa sita, mpaka ukafika wimbo wa mwisho ambao hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuufikia, kwa sababu betri zilikufa kabla. Sikujua kama ni wa haraka au wa polepole, kwani sikuwa tena na kipimo. Niliusikiliza wote. Ulipoisha, sindano ikabaki inakwaruza katikati, nikakigeukia kile kiti cha kamba na kusema kwa sauti, polepole, kwamba wimbo huu peke yake unawashinda Wanne wote na makofi yao.

Nilisubiri kidogo. Hakuna aliyenipinga.